SIHA NA LISHE: Mlo wa mgonjwa baada ya upasuaji wa saratani ya umio

UMIO ni njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake ni miongoni mwa zile zinazoua Wakenya wengi, hasa katika eneo la Bonde la Ufa, ambako Hospitali ya Tenwek katika Kaunti ya Bomet imewatibu waathiriwa kwa miaka mingi.

Aghalabu mgonjwa hufika hospitalini akiwa amekwisha kukonda, kwa kuwa ugonjwa wenyewe humzuia kumeza. Anapopasuliwa huwa hana akiba mwilini. Ndiyo maana mlo wake baada ya upasuaji ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa anazoandikiwa.

Katika upasuaji huu, daktari huondoa sehemu ya umio yenye ugonjwa. Kisha huutengeneza mfuko wa tumbo uwe mwembamba mfano wa bomba, akauvuta juu na kuuunganisha na umio uliosalia, kifuani au shingoni.

Kutokana na mabadiliko hayo, tumbo halina tena nafasi ya kuhifadhi chakula kingi kwa pamoja. Isitoshe, kizuizi kinachozuia chakula kurudi juu huwa kimeondolewa. Mashauri yote yanayofuata yanatokana na mambo hayo mawili.

Siku za kwanza

Mara nyingi mgonjwa hulishwa kwanza kupitia mpira mwembamba uliopenyezwa kwenye utumbo mdogo. Iwapo ataruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mpira huo, anayemuuguza anapaswa kunawa mikono, kuusafisha mpira kwa maji yaliyochemshwa kabla na baada ya kila mlo, na kutia humo kile tu alichoagizwa na hospitali. Uji mzito huuziba.

Daktari akishatoa idhini ya kula kwa mdomo, mgonjwa huanza na vinywaji vyepesi, kisha uji laini na supu iliyochujwa, halafu vyakula vilivyopondwa. Mayai yaliyovurugwa, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, ndengu zilizosagwa, parachichi, ndizi mbivu na samaki aliyetolewa miiba vyote humezeka kwa urahisi.

Ugali mgumu, chapati, mkate mbichi na nyama choma visubiri. Vyakula hivyo hufanya donge linaloweza kukwama pale palipounganishwa. Nyama ikirejea, iwe ya kusaga au iliyochemshwa hadi ikalainika, na kila tonge litafunwe sana.

Kidogo kidogo, mara nyingi

Badala ya milo mitatu mikubwa, mgonjwa ale milo midogo sita hadi minane kwa siku, takriban kila baada ya saa mbili au tatu. Asingoje kuhisi njaa, kwani baada ya upasuaji huu hamu ya kula huweza kupotea kwa majuma mengi. Afuate saa.

Maji na chai vinywewe nusu saa kabla au baada ya mlo ili visijaze tumbo na kukinyima chakula nafasi. Mgonjwa ale akiwa ameketi wima, na asilale chini kabla ya saa mbili au tatu kupita. Usiku upande wa kichwani wa kitanda uinuliwe, kwa mfano kwa kuweka matofali chini ya miguu yake.

Protini za kuponya kidonda

Wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kila siku kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa wa kilo 60 basi huhitaji gramu 72 hadi 90.

Kiasi hicho hupatikana bila gharama kubwa. Mayai mawili yana takriban gramu 12, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha ndengu zilizopikwa 14, gramu 100 za samaki 20, kikombe cha maziwa lala 8 na vijiko viwili vikubwa vya siagi ya njugu 7. Jumla ni gramu 77, zikigawanywa mchana kutwa. Omena waliosagwa wanaweza kuongezwa kwenye supu, na uji wa wimbi upikwe kwa maziwa.

Dhana potovu

Jamaa na majirani huwashauri wagonjwa waache nyama, maziwa na sukari kwa madai kwamba vyakula hivyo huilisha saratani. Hakuna ushahidi kwamba kumnyima mgonjwa chakula huiangamiza saratani. Kinachopungua ni misuli yake, na kidonda huchelewa kupona.

Ni kweli kwamba vitu vitamu vinapaswa kupunguzwa, lakini kwa sababu nyingine. Sukari nyingi ikishuka upesi kwenye utumbo mdogo, mgonjwa huweza kutokwa na jasho, moyo kumwenda mbio, kupatwa na kizunguzungu na kuharisha. Soda na sharubati tamu ndizo huleta shida hii zaidi.

Kuhusu chai, iachwe ipoe kwanza. Mnamo 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vikasababisha saratani ya umio. Tumbaku na pombe, ikiwemo chang'aa na busaa, ziepukwe kabisa.

Wakati wa kurudi hospitalini

Mgonjwa apimwe uzito mara moja kwa wiki, kwa mizani ile ile, na nambari iandikwe daftarini. Uzito ukizidi kushuka, amwone mtaalamu wa lishe mapema.

Homa, maumivu ya kifua, shida ya kupumua, kukohoa kila anapomeza, kutapika kusikokoma, kinyesi cheusi au usaha kidondani ni ishara za kukimbilia hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Chakula kikianza tena kukwama, asidhani moja kwa moja kwamba ugonjwa umerudi. Huenda ni kovu lililopunguza njia, na daktari anaweza kuipanua.