Chakula cha Majirani Wawili

Mara nyingi twasikia watu wakibishana barazani: alaye nyama na maziwa, na alaye nafaka na mboga, ni yupi mwenye afya zaidi? Jambo hili lilipimwa zamani katika nchi ya Kenya, na yafaa tulikumbuke.

Katika mwaka wa 1931 palichapishwa Uingereza habari za mabwana wawili, John Boyd Orr, mtaalamu wa vyakula, na J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa waganga wa serikali ya Kenya. Walilinganisha Wamasai, ambao chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na damu, na jirani zao Wakikuyu, waliokula mahindi, wimbi, maharagwe na viazi vitamu.

Wanaume wa Kimasai waliwapita wenzao kwa kimo, yapata inchi 5, na kwa uzito, yapata ratli 23. Kwa Wakikuyu yalizidi meno mabovu, upungufu wa damu na maradhi ya mapafu. Basi msomaji atasema, "Nyama imeshinda." Asifanye haraka! Wamasai nao walizidi kufunga choo na kuumwa baridi yabisi. Tena wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kuliko waume zao.

Na choo hufungwa na nini? Denis Burkitt, daktari wa kupasua aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hata 1966, alilichunguza neno hili pamoja na wenzake. Katika mwaka wa 1972 walionyesha kwamba chakula cha wanavijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa muda wa saa 36 hivi, bali cha mabaharia wa Kiingereza kilikawia zaidi ya saa 80. Tofauti ni nyuzinyuzi za mimea, ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Huvuta maji na kulainisha choo. Nyama na maziwa hayana nyuzinyuzi kabisa. Lakini nyama ina madini ya chuma yaongezayo damu, na vitamini B12 isiyopatikana katika mimea.

Basi kila jirani alikuwa na akiba aliyoikosa mwenzake. Tusiwaachie wanawake peke yao mboga za majani, wala tusimnyime mtoto maziwa. Sufuria moja yaweza kuwapatanisha majirani hawa wawili.