Waliotunga Zilipendwa Tuwataje kwa Majina

Wiki hii naomba tuzungumzie neno moja ambalo tunalitumia kila siku bila kulitazama vizuri. Neno lenyewe ni "zilipendwa". Ukilifuata kisarufi, linasema kwamba nyimbo hizo zilipendwa zamani na mapenzi hayo yamekwisha. Lakini panda Hiace ya kwenda Ngaramtoni au Usa River, dereva aweke wimbo wa miaka ya 1970, kisha watazame abiria. Mzee anatikisa kichwa, mama mwenye kikapu anafuatisha maneno, na kijana aliyezaliwa miaka mingi baada ya wimbo kurekodiwa anakijua kiitikio chote. Nyimbo hizo bado zinapendwa.

Sasa waulize abiria hao wimbo huo ni wa nani. Wengi watataja bendi. Wachache watamtaja mwimbaji. Mtunzi ni bahati kusikia akitajwa.

Nitatoa mfano wa hapa hapa Arusha. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walianza muziki Tanga katika bendi ya Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walikuja Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Bendi hiyo haikukaa sana chini ya Mlima Meru. Mwaka 1971 ndugu hao walikwenda Kenya, na huko ndiko lilikozaliwa jina linalojulikana Afrika Mashariki nzima: Simba Wanyika.

Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga, wakiwemo mpiga gitaa Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga. Waliungana na Mtanzania mwingine, John Ngereza, wakaunda Les Wanyika. Hao ndio waliotupa "Sina Makosa".

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walikwenda kutunzwa kwa jirani, na sababu moja haijifichi. Wakati ule bendi zetu zilirekodi nyimbo Redio Tanzania Dar es Salaam. Kanda zilipigwa hewani, sifa zikaenea, lakini mitambo ya kuchapa santuri ilikuwa Nairobi. Aliyetaka wimbo wake uuzwe dukani alilazimika kutazama kaskazini.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa katika mji wetu huu, ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Magari yalikwama Namanga. Gitaa halikukwama. Serikali zilipokuwa hazisemezani, vijana wa Kitanzania walioko Nairobi waliendelea kuimba kwa Kiswahili kimoja, na watu wa pande zote mbili wakawasikiliza.

Nyimbo hizi zinatugusa kwa nini? Wengine husema ni kwa sababu zinatukumbusha ujana. Mimi sikubali, maana hata wasiokuwepo enzi hizo zinawagusa. Naona siri iko kwa mtunzi. Alichukua maneno ya kawaida ya nyumbani, maneno ya mtu anayelalamika kwa jirani yake, akayaweka juu ya gitaa lisilo na haraka. Katika "Sina Makosa" mtu anayetuhumiwa anajitetea mbele ya mwenzake mwenye hasira. Ukiyasoma maneno peke yake, ni ugomvi wa kufika polisi. Lakini magitaa yanapokezana taratibu, besi inatembea chini yake, nawe unajikuta unacheza. Mwenye shida kama ile anasikia imesemwa na mtu mwingine, tena imesemwa vizuri, na moyo unapoa.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1961 Wajapani walipata wimbo wa mtu anayetembea peke yake usiku akizuia machozi. Mwaka 1963 ukashika nafasi ya kwanza Marekani, ingawa wasikilizaji wengi kule hawakuelewa neno hata moja la Kijapani. Huko nchi za Magharibi waliubandika jina la "Sukiyaki", yaani chakula cha nyama! Mwimbaji, Kyu Sakamoto, alipata sifa. Aliyetunga muziki, Hachidai Nakamura, na aliyeandika maneno, Rokusuke Ei, wangapi nje ya Japani wanawajua? Machozi yalivuka bahari, wenye kuyatunga wakaachwa bandarini.

Nakamura alifariki mwaka 1992. Mwaka huo huo alifariki George Kinyonga, na Wilson akamfuata mwaka 1995. Leo katika mji wa Arusha, nyimbo za ndugu hao zinapigwa kwenye baa za Kaloleni na kwenye harusi za Tengeru, bila watu kujua kwamba watunzi wake waliwahi kuwa wanamuziki wa mji huu.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, nyimbo hizi bado zina wenyewe, nao ni warithi. Lakini utamlipaje mtu usiyemjua hata jina? Mtangazaji anayepiga wimbo bila kumtaja aliyeutunga anasaidia kumnyima haki yake, hata kama hakukusudia.

Kwa hiyo ombi langu kwa watangazaji wenzangu, kwa wapiga muziki wa harusini na kwa wenye baa ni dogo. Kabla ya kuweka wimbo, semeni umetungwa na nani. Ni sekunde tano tu. Nasi wa Arusha, tukilitaja jina la Kinyonga, tuongeze kwamba mwaka 1970 walikuwa wetu.

Kwa leo naishia hapo.