Peugeot na tope la Pasaka

Kabla ya Nissan za abiria 14 kuteka barabara za Kenya, mtu aliyetaka kufika Nakuru, Nyeri au Kisumu upesi alishuka hadi Accra Road au River Road, Nairobi, akaulizia Peugeot. Basi lilikuwa la mwenye nauli ndogo na subira kubwa. Peugeot ilikuwa ya mwenye haraka, aliyekuwa tayari kuongeza shilingi kadhaa. Ikijaa inaondoka, na ikiondoka haina habari na wanaopunga mkono kando ya njia.

Nyingi zilikuwa 504, station wagon yenye safu tatu za viti. Wafaransa waliizindua 504 mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatajwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu tuzo hiyo haikumsumbua mtu. Jina la Peugeot lilikuwa limekwisha kujengwa na gari lililoitangulia, 404, na lilijengwa kwenye matope.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Eric Cecil na wenzake wa Nairobi walikuwa walowezi wapenda magari ambao hawakuona raha ya kuzunguka kiwanja kimoja kutwa nzima. Wakachora njia ya kuzunguka Ziwa Victoria, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kanuni moja waliyoiweka naiona kuwa ya busara kuliko zote: magari yalipangwa katika makundi kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Mtu aliyesimama kando ya barabara alikuwa akitazama gari ambalo mwalimu mkuu, daktari wa wilaya au mfanyabiashara wa mjini angeweza kulinunua. Likipita salama, analijua. Likikwama, analijua pia.

Na yalikwama kwelikweli. Mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, ule udongo mweusi ukinata kwenye magurudumu mpaka hayazunguki. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, mara zote mbili ndani ya Peugeot 404. Katikati ya hapo, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mfululizo na Chris Rothwell, nao kwa 404. Peugeot haikushinda peke yake, la hasha: Joginder Singh alilitwaa kombe mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na Datsun nayo ilitamba. Lakini magari mengine yalisifiwa kwa mbio. Peugeot ilisifiwa kwa kufika. Ove Andersson aliposhinda kwa 504 mwaka 1975, wenye magari ya abiria hawakuhitaji tangazo jingine.

Sifa ya mashindano huuza gari mara moja. Kilichoiweka 504 barabarani miaka nenda rudi ni mambo ya chini ya sakafu. Station wagon yake haikuwa saluni iliyorefushwa paa tu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uliongezwa sentimita 16, na nyuma zikawekwa springi mbilimbili kila upande, ili gari lihimili mzigo bila kukaa chini kama bata. Rodi ya gia ilikuwa kwenye usukani, si sakafuni, kwa hiyo kati ya dereva na abiria wa mbele palibaki uwazi. Manamba hakuambiwa mara mbili uwazi huo ni wa nini.

Mimi nilikuwa mwembamba, basi fungu langu lilikuwa safu ya tatu. Huko nyuma sakafu iko juu na kiti kiko chini, magoti yanakaribia kidevu, na gurudumu linavuma chini ya kiuno chako. Tukitoka Kisumu kulikuwa na samaki wa mtu kwenye keria. Jua likiwaka, kila aliyekaa karibu na dirisha alijua. Soko Mjinga dereva alisimama kununua viazi vyake mwenyewe, na hakuna aliyenung'unika, maana ndiye ambaye angetushusha au kukataa kutupakia tena. Alibadilisha gia kwa vidole viwili huku akisimulia, gari likiyumba taratibu kwenye kona, halirukiruki. Nimepanda magari mapya ambayo hayajui kupita kwenye mashimo namna ile.

Tuseme kweli lakini: mwendo wa madereva wale uliua watu wengi. Kila mmoja alijiona Shankland, na barabara haikuwa imefungwa kwa ajili yake. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, zikadai mikanda na vidhibiti mwendo, Peugeot za abiria zilikuwa zimekwisha kupungua. Gari linalobeba 14 lilimlipa mwenyewe kuliko linalobeba 7. Zilizosalia zaidi zilikuwa pikapu, zikibeba maziwa na kabeji mpaka bodi ikaliwa na kutu. Fundi wa Kirinyaga Road aliyetaka spea aliikata 504 moja ili nyingine itembee.

Safari yenyewe iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi 2021, makao yakiwa Naivasha. Pembeni kuna Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003 kwa magari ya zamani, na humo matajiri kutoka ng'ambo huja na Porsche 911 kwa wingi. Ni gari zuri, sibishi. Ila Safari ile ya kweli halikuwahi kuishinda hata mara moja. Mwaka 1978 lilikaribia sana, Vic Preston mdogo akiwa kwenye usukani, likamaliza la pili. La kwanza lilikuwa 504 ya Jean-Pierre Nicolas.