Joka la Shaba la Wajapani

Msomaji wa kitabu cha Ufunuo akisikia neno joka, hukumbuka mara yule adui aliyepigana na Mikaeli na malaika zake. Basi na aliweke kando wazo hilo kwa kitambo, maana joka la Wajapani ni jingine kabisa. Wao tangu kale ni wakulima wa mpunga, nao walisimulia kwamba joka hukaa baharini, ziwani na mawinguni, na ya kuwa mvua imo katika mamlaka yake. Kwa hiyo walilicha, wala hawakulichukia. Hata leo, katika mahekalu mengi ya nchi hiyo, maji ya kunawia hutoka katika kinywa cha joka la shaba.

Umbo lake lilitoka China: mwili wa nyoka wenye magamba, pembe mfano wa kulungu, masharubu marefu. Ukitaka kulitambua la Kijapani, hesabu kucha: kwa kawaida ni tatu katika kila mguu, ambapo joka la Kaisari wa China lilikuwa na tano. Mara nyingi hushika tufe mfano wa lulu. Katika hadithi za kale, lulu za mfalme wa bahari ndizo zilizoamrisha maji kupwa na kujaa. Mvuvi yeyote atafahamu thamani yake.

Fundi aliliumba joka kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa msonobari, akachora kila gamba. Kisha alilifunika kwa udongo, akautia moto. Nta ikayeyuka ikatoka, na mahali pake akamimina shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati. Kazi ikiharibika, hakuwa na nta ya kurudia, alianza upya.

Lakini majoka mengi yaliyomo katika nyumba za Ulaya na Marekani yalizaliwa katika dhiki. Zamani mafundi wengi wa madini walipata riziki kwa kupamba panga za masamurai, yaani watu wa vita. Mwaka 1868 utawala wa Shogun ulikoma, Kaisari Meiji akashika mamlaka. Na mwaka 1876 ikatolewa amri kwamba mtu asivae upanga hadharani, isipokuwa askari, polisi, na wakuu katika sherehe. Mikono iliyozoea kutia dhahabu katika panga ikakosa kazi. Mahekalu ya Kibudha nayo yalikuwa yamekwisha kupoteza mali nyingi, hata hayakuweza kuwaagizia kazi kama zamani.

Wokovu wao ulikuwa soko la ng'ambo. Kazi za Japani zilionyeshwa Vienna mwaka 1873, Philadelphia 1876, na Paris 1878, na wageni wakazistaajabia. Mafundi wakasubu majoka yaliyozunguka mitungi na vyetezo, mengine yakiwa na mapambo kupita kiasi, kwa maoni yangu, maana yalifanyizwa kumpendeza mnunuzi. Naye mnunuzi, aliyelelewa katika hadithi za majoka yatemayo moto, yamkini aliliweka juu ya meko, asijue kwamba amenunua mnyama wa maji.

Mwaka 1941 serikali ya Japani iliamuru vyuma na shaba vikusanywe kwa ajili ya vita. Kengele nyingi za mahekalu ziliyeyushwa, na sanamu pamoja nazo. Majoka yaliyokuwa yameuzwa ng'ambo, amri hiyo haikuyafikia.