Sekenke: Dhahabu ya Iramba iliyogharimia Vita Kuu

Kila Novemba, Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu husimuliwa kwa majina yale yale: Tanga mwaka 1914, Mahiwa mwaka 1917, kisha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kukabidhi silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Misigiri haitajwi, wala wilaya yake ya Iramba. Masimulizi hayo yamefuata nyayo za majenerali, yakawaacha waliobeba gharama. Anayetaka kujua vita vile viliendeshwaje miaka minne ashuke mlima Sekenke, barabara inapotoka Misigiri kwenda Shelui, autazame mgodi.

Wajerumani walianza kuchimba dhahabu Sekenke mwaka 1909. Vita vilipoanza, manowari za Uingereza zilifunga pwani na sarafu kutoka Berlin zikakoma kufika. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ikachapa noti za dharura, lakini noti hizo hazikuaminika; mwenye mtama wa kuuza alitaka fedha ya kushikika. Ndipo mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilipogeuzwa kiwanda cha sarafu. Maganda ya shaba ya risasi na mizinga yakawa sarafu za heller, na dhahabu ya Sekenke ikawa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Kaiser, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Vitabu vya wakusanya sarafu vinataja idadi yake, 16,198, kila moja ikiwa na gramu saba na ushee, robo tatu yake dhahabu tupu. Ukipiga hesabu unapata takriban kilo 87 za dhahabu. Leo sarafu moja huuzwa minadani ughaibuni kwa maelfu ya dola, na mnunuzi husimuliwa habari za Tabora, mara chache za wachimbaji wa Iramba.

Wapo watakaosema huo ulikuwa ugomvi wa Wazungu na kwamba Misigiri haikuwa uwanja wa mapigano. La kwanza ni kweli kwa chanzo chake, si kwa waliokufa. Na vita havikuwa mbali: mwaka 1917 kikosi kilichojitenga na jeshi la Lettow, chini ya Heinrich Naumann, kilivuka Reli ya Kati, kikafika boma la Mkalama katika Iramba ya zamani, huku Waingereza na Wabelgiji wakikifukuza hadi kiliposalimu amri karibu na Kondoa. Majeshi yote hayo yalikula nafaka za wenyeji na kubebewa mizigo na vijana wao. Jirani zao Wagogo waliingia katika njaa ya Mtunya, inayokadiriwa kuua watu 30,000.

Amani nayo ilifikiwa bila wenyeji. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 19, 1916, wakiwatangulia Waingereza waliotoka Mwanza, na tangu hapo washirika hao wawili walitazamana kwa mashaka. Tabora ilirudishwa kwa Waingereza mwaka uliofuata, lakini deni la Waingereza kwa Wabelgiji lilibaki. Mei 30, 1919, Alfred Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walilimaliza: Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, sehemu kubwa iliyobaki, Iramba ikiwemo, kwa Waingereza. Hakuna mtemi aliyeulizwa. Mgodi ukapata tajiri mwingine, na leo Sekenke inajulikana zaidi kwa wachimbaji wadogo.

Lettow anaandikiwa vitabu hadi sasa. Halmashauri ya Wilaya ya Iramba haihitaji kusubiri kitabu: kibao kimoja njia panda ya Misigiri, kinachotaja mwaka 1916, zile kilo 87 na karakana ya Tabora, ni kazi ya bajeti ya mwaka mmoja.