Dripu ya Vitamini na Karne ya Sindano katika Ukanda wa Dhahabu

Dripu ya vitamini ni maji ya chumvi au ya glukosi yaliyochanganywa na vitamini, hasa za kundi B na C, yanayoingizwa mshipani kwa mtu asiye na ugonjwa uliopimwa. Anayetundikiwa huwa amechoka, hana hamu ya kula, au anataka tu mwili upate nguvu. Katika miji mikubwa ya Marekani na Asia, na sasa Nairobi na Dar es Salaam, hii ni huduma mpya ya wenye fedha. Runzewe, mji wa barabarani wilayani Bukombe kati ya Kahama na Nyakanazi, uko katika eneo lenye historia nyingine. Katika ukanda huu wa dhahabu, wa Shinyanga na Geita, imani kwamba nguvu huingia kwa njia ya mshipa imejengwa kwa karibu miaka mia moja, na iliyoijenga ni tiba zilizoponya kweli.

Dawa ya kupenya ngozi haikuanza na wazungu. Waganga wa Kisumbwa na wa Kisukuma, kama wengi wa bara, walichanja chale na kupaka dawa juu ya damu, wakiamini kwamba dawa iliyofika ndani hivyo ina kazi kuliko iliyonywewa. Wamisionari wa White Fathers walipofungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, na Africa Inland Mission ilipoanzisha hospitali ya Kolandoto mwaka 1913, walikuta watu ambao wazo la kutobolewa ngozi halikuwa geni kwao.

Kilichoipa sindano heshima yake ni buba. Ugonjwa huo uliwaachia watu wengi vidonda vikubwa usoni na miguuni, na vidonge havikuwa na faida. Katika miaka ya 1920 idara ya tiba ya Tanganyika ilianza kuchoma sindano za dawa zenye madini ya bismathi kwa maelfu ya watu, na vidonda vya miaka mingi vilikauka ndani ya muda mfupi. Watu walitembea safari ndefu kufuata sindano, na wengi walirudi nyumbani baada ya dozi ya kwanza kwa sababu walijiona wamepona. Tangu hapo mgonjwa aliyepewa vidonge peke yake alijihesabu kuwa hakutibiwa. Penisilini ya miaka ya 1950, nayo ikiwa ya sindano, iliuthibitisha msimamo huo.

Mshipa wenyewe uliingia katika historia hii kupitia malale. Aina kali ya ugonjwa huo iligunduliwa Maswa mwaka 1922, na katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa magharibi ya nchi, Kahama na Biharamulo zikiwamo, kutoka kwenye mapori yenye mbung'o wanaoueneza na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Shinyanga ikawa kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kwenye maabara ya Tinde, wataalamu walifanya jaribio la miaka mingi kuona kama vimelea vya malale hupoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu vikipitishwa kwa kondoo. Dawa ya ugonjwa huo ulipokuwa bado mwanzoni ilikuwa suramini, iliyotengenezwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani. Suramini haina njia nyingine: huingizwa polepole kwenye mshipa, mara moja kwa wiki kwa majuma kadhaa. Katika makazi hayo watu waliwaona jamaa zao waliokuwa wakielekea kufa wakiinuka, na walichokiona kikiwainua ni sindano ya mshipani. Kumbukumbu hii inastahili uzito zaidi kuliko inavyopewa katika maelezo ya leo kuhusu watu kupenda sindano, ambayo mara nyingi huwalaumu wagonjwa kwa ujinga.

Chupa ya maji yenyewe ina asili ya mbali. Mwaka 1832 Thomas Latta, daktari wa Leith huko Uskoti, aliingiza maji ya chumvi katika mishipa ya wagonjwa wa kipindupindu waliokaribia kufa, na baadhi yao wakapata nafuu. Kipindupindu hichohicho ndicho kilichoifanya dripu ijulikane katika kila wilaya ya Tanzania. Kiliingia mwaka 1974, na tangu mwaka 1977 kiliripotiwa mfululizo. Mwaka 1997 pekee wagonjwa walizidi 40,000 na vifo vilipita 2,200. Mtu aliyeletwa macho yamezama na ngozi imenywea, aliyeketi na kuzungumza baada ya lita chache, ni ushahidi ambao hakuna mhadhara wa afya unaoweza kuushinda.

Hata hivyo malaria ndiyo iliyoifanya dripu kuwa jambo la kila nyumba. Klorokwini ilipoanza kushindwa, hadi ikaondolewa kama dawa ya kwanza mwaka 2001, malaria kali ilitibiwa kwa kwinini ya mshipani. Dozi moja ilipita kwa takriban saa nne, ikarudiwa kila baada ya saa nane, na mgonjwa alilala akitazama chupa huku masikio yakivuma. Kwinini hushusha sukari ya damu, na malaria kali nayo hushusha, kwa hiyo ilichanganywa katika maji ya glukosi. Hapo ndipo dawa na nguvu zilipoungana katika chupa moja. Mgonjwa aliyezinduka aliambiwa kwamba amewekewa glukosi, na wengi wakaamini kuwa kilichowaamsha ni glukosi, wakati kazi kubwa ilifanywa na kwinini iliyoua vimelea. Artesuneti ya sindano ilipothibitishwa mwaka 2010, katika utafiti wa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, kuwa inaokoa maisha zaidi ya kwinini, sababu kubwa ya kutundika chupa iliondoka, kwa kuwa artesuneti huchomwa kwa dakika chache. Tamaa ya chupa haikuondoka nayo.

Wakati huohuo biashara ilikuwa imefunguka. Sheria ya mwaka 1977 ilikataza hospitali binafsi za faida. Marekebisho ya mwaka 1991 yaliziruhusu tena, na zahanati ndogo zikaota kandokando ya barabara. Benki Kuu nayo ilianza mwaka 1990 kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na maelfu ya vijana wakamiminika Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko huko Geita. Kazi ya maduara (mashimo ya kuchimbia) na makarasha (mashine za kusaga mawe) hukausha mwili: joto, vumbi, kukosa usingizi, chakula cha kubahatisha. Anayelipwa kwa mawe yenye dhahabu hana siku ya kuugua, na anayeahidiwa kurudi kazini kesho yake yuko tayari kulipia dripu. Hata hivyo, maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, hayaruhusiwi kutundika dripu.

Vitamini ziliongezwa kwenye chupa kwa njia mbili. Moja ni ya hospitali, ambako vitamini B hupewa kwa mshipa mlevi wa muda mrefu au mwenye utapiamlo mkali, na huko huokoa ubongo. Nyingine ilitoka Marekani kwa daktari John Myers wa Baltimore, aliyewachoma wagonjwa wake mchanganyiko wa magnesi, kalisi, vitamini B na C. Alifariki mwaka 1984, na daktari mwenzake Alan Gaby akaichapisha kanuni hiyo mwaka 2002. Kwa mtu anayekula na asiye na upungufu, faida yake haijathibitishwa. Rangi ya njano inayowavutia wengi ni ya vitamini B2, na ndiyo inayoonekana tena katika mkojo baada ya saa chache.

Hesabu ya chupa ni rahisi. Nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, pungufu ya soda moja. Nusu lita ya maji ya chumvi ina gramu 4.5 za chumvi, karibu kiwango chote ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikizidi kwa siku. Maji yenyewe ni dawa yenye madhara, na Afrika Mashariki ndiko hilo lilikothibitishwa. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na katika hospitali ya Teule huko Muheza, Tanzania, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu, wale wa kuharisha wakiwa wameondolewa. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa kwa asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 2011.

Kwa mtu mzima anayetundikiwa ili apate nguvu, hatari zinazojulikana ni mshipa kuambukizwa kwa uchafu, maji kujaa kwenye mapafu ya mwenye moyo au figo dhaifu, na mzio wa ghafla. Vitamini C nyingi huweza kupasua chembe za damu za mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyozoeleka katika nchi zenye malaria. Hatari kubwa zaidi kwa mchimbaji ni ugonjwa unaoachwa nyuma ya chupa. Vumbi la mwamba lenye silika huharibu mapafu na kuyafungulia mlango kifua kikuu, ambacho mara nyingi huanza kwa uchovu, kukonda na jasho la usiku. Hakuna vitamini inayokitibu. Kipimo chake ni makohozi, dawa zake ni vidonge vya miezi sita, na katika vituo vya serikali nchini Tanzania vyote hutolewa bure.