Simu ya kisasa kwa asiyeona: Mambo ya kupima kabla ya kulipa

ANAYEINGIA dukani kununua simu ya kisasa aghalabu huulizwa mambo mawili: anataka kamera ya aina gani, na ana shilingi ngapi mfukoni. Kwa mnunuzi asiyeona, maswali hayo hayafiki kwenye kiini cha haja yake. Kinachomhusu kwanza ni iwapo simu hiyo itamsomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini, kwa kasi isiyomchosha, na kwa siri isiyowafikia walio karibu naye.

Siri hiyo si jambo dogo. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mnamo Machi 2007, simu imekuwa ndiyo kibeti cha wengi. Asiyeona aliye na simu ndogo isiyosema, ile iliyobandikwa jina la 'mulika mwizi', hulazimika kumwomba mtoto, jirani au wakala amsomee ujumbe wa pesa zilizoingia, na mara nyingine humnong'onezea hata nambari yake ya siri. Anayeijua nambari hiyo ndiye mwenye pesa. Kwa hivyo, simu inayosema si pambo. Ndiyo inayomrejeshea mtu ufunguo wa kibeti chake.

Zamani mambo yalikuwa mazito zaidi. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, wasioona waliojimudu walitumia simu za Nokia zenye mfumo wa Symbian, wakaziwekea programu za Talks au Mobile Speak zilizogeuza maandishi kuwa sauti. Programu hizo ziliuzwa kando na simu, na bei yake haikuwa ya mwananchi wa kawaida. Faraja ilikuwa vitufe: kidole kilijua mahali ilipo 5 kwa kile kinundu kidogo kilicho juu yake. Apple ilipotoa iPhone ya kwanza mwaka wa 2007 na skrini laini za kugusa zikaanza kuenea, ilionekana kwamba mlango umefungwa, maana kioo hakina kinundu. Hata hivyo, Juni 2009 kampuni hiyo ilitoa iPhone 3GS ikiwa na VoiceOver, programu ya kusoma skrini iliyokuja ndani ya simu bila malipo ya ziada. Mwaka uo huo, TalkBack ikaingia katika simu za Android. Mwanzoni TalkBack ilikuwa dhaifu. Uwezo wa kupapasa kioo na kusikia kilicho chini ya kidole ulifika na Android 4.0 mwaka wa 2011.

Misingi ya matumizi inafanana katika pande zote mbili. Kidole kikipita juu ya kioo, sauti hutaja kilichoguswa. Kutelezesha kidole kulia humpeleka mtu kwenye kitu kinachofuata, kushoto humrudisha nyuma, na kugonga mara mbili popote kwenye kioo hufungua kile kilichotajwa. Mzoefu huongeza kasi ya sauti hadi mwenye macho aliyeketi kando yake asiambulie neno hata moja.

Ni upande upi basi wa kuchagua? Sifa kuu ya iPhone ni kwamba VoiceOver ni ile ile katika kila simu ya kampuni hiyo. Aliyejifunza kwa moja hatatatizika kwa nyingine. Dosari yake ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya simu nyingi za Android zinazouzwa nchini. Android nayo hutengenezwa na kampuni nyingi, na kila moja huubadilisha mfumo kwa namna yake. Samsung, mathalani, ilikuwa na msomaji wake iliyemwita Voice Assistant kabla ya kurejea kwa TalkBack pamoja na Android 11. Huawei ni habari nyingine: baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019, simu zake mpya zilianza kutolewa bila huduma za Google, na mnunuzi asiyeona ana sababu ya kujihadhari hapo. Tecno, Infinix na Itel, zinazojaa katika maduka yetu, hutumia Android, lakini modeli mbili za jina moja zaweza kutofautiana kama usiku na mchana zinapowashwa sauti.

Tofauti hiyo hutokana zaidi na nguvu za simu. Programu ya kusoma skrini haipumziki. Hufanya kazi juu ya kila programu nyingine. Simu ambayo mwenye macho huiona inajikokota kidogo, kwa asiyeona hugeuka mateso: anagusa, ananyamaziwa, anagusa tena, kisha sauti mbili zinakuja kwa pamoja. Oktoba 2023, kiwanda cha kuunganisha simu kilipozinduliwa Athi River, simu zake mbili za kwanza zilitangazwa kwa bei ya Sh7,499 na Sh8,999. Ni hatua ya kupongezwa kwa taifa. Lakini katika simu za daraja hilo la bei, kutoka kiwanda chochote kile, kumbukumbu ya RAM huwa finyu. Rai yetu ni kwamba asiyeona asishuke chini ya GB 4 akiweza, hata ikimbidi aache kamera tatu na skrini pana ambazo muuzaji anazisifu. Mipango ya kulipa polepole, kama ule wa Safaricom na Google uliozinduliwa Julai 2020 kwa Sh20 kwa siku, imewafaa wengi, lakini simu ya namna hiyo hufungwa malipo yakichelewa. Asiyeona na aipime hatari hiyo mapema, kwa kuwa simu ikifungwa, msomaji wake amefungwa nayo.

Sauti yenyewe haina budi kuchunguzwa. Sauti ya Kiingereza ikisoma ujumbe wa Kiswahili, matamshi huvurugika na tarakimu pekee ndizo hueleweka. Katika Android, huduma ya sauti ya Google ina Kiswahili, na ipo pia eSpeak, programu ya bure yenye sauti kavu kama ya roboti ambayo wazoefu huipenda kwa wepesi wake. Katika iPhone, mfumo wa iOS 16 wa mwaka 2022 uliwaruhusu watengenezaji wengine kuongeza sauti zao. Mnunuzi na adai kusikia ujumbe wa Kiswahili ukisomwa, tena ujumbe halisi. (Sheng ni shauri jingine, hatujasikia sauti inayoisoma ikaeleweka.) Kuandika kwa kusema kunawezekana pia: Google ilikiongeza Kiswahili katika huduma yake ya kutambua usemi mnamo Agosti 2017. Anayejua breli anaweza kuchapa nukta sita moja kwa moja kwenye kioo. iPhone ilipata uwezo huo mwaka wa 2014 na TalkBack mwaka wa 2020.

Kisha kuna umbo la simu, jambo ambalo matangazo hayaligusii. Kisoma alama ya kidole kilicho ubavuni au mgongoni hupapaswa kikapatikana. Kile kilichofichwa chini ya kioo hakina mpaka wala kinundu, na kukitafuta mbele za watu ni adha. iPhone ya mwisho kuuzwa ikiwa mpya na kitufe cha chini ya skrini, iPhone SE ya 2022, iliondolewa sokoni Februari 2025, kwa hivyo anayekipenda kitufe hicho sasa ataangukia simu zilizotumika. Tundu la waya wa vipokea sauti ni la thamani pia. Vile visivyo na waya huchelewesha sauti kidogo, na kuchelewa huko humvuruga anayechapa haraka. Simu nyingi za bei nafuu zingali na tundu hilo, ilhali iPhone iliachana nalo mwaka wa 2016. Vipokea sauti vyenyewe si anasa: sauti hutaja tarakimu kidole kinapozigusa, na bila kuviziba masikioni nambari ya siri itasikika katika matatu nzima. Barabarani, avae sikio moja tu, sikio la pili lisikilize magari.

Yote haya hupimwa dukani, iwe ni katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi au kwenye kibanda cha soko la mashinani, na hupimwa kabla ya pesa kutoka. Katika iPhone, kitufe cha ubavuni, au kile cha chini ya skrini katika modeli za kale, kikibonyezwa mara tatu wakati simu mpya inatayarishwa, VoiceOver huanza kusema. Katika simu nyingi za Android, vitufe viwili vya sauti hushikiliwa kwa pamoja kwa sekunde tatu hivi. Zikikataa, muuzaji na aombwe aingie kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, aiwashe TalkBack. Isipokuwepo, hupatikana bila malipo katika duka la Google Play. Muuzaji akisema hana muda wa hayo, maduka ni mengi.

Sauti ikishawaka, mnunuzi na aandike ujumbe mfupi, autume, aombe apigiwe, apokee na kukata mwenyewe. Aweke simu sikioni wakati wa mazungumzo na kusikiliza kama shavu linabofya vitu. Katika baadhi ya simu skrini haizimiki inavyostahili, na sauti ya msomaji huingiliana na ya aliyepiga. Apige *144# ya Safaricom au nambari kama hiyo ya mtandao wake, asikilize kama jibu linasomwa lote. Orodha za namna hiyo, ikiwemo *334# ya M-Pesa, huwa na muda maalumu. Simu nzito ikichelewa kusoma, muda huisha na mtu hulazimika kuanza upya.

Anayenunua simu iliyotumika aongeze jaribio moja: umri wa mfumo. Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone 6, na waliokuwa wameinunua kwa urahisi wake walibaki na simu ya kupiga na kupokea tu. Programu nazo si sawa. Iliyoundwa kwa uzembe humfanya msomaji aseme "kitufe" bila kutaja ni cha nini. TalkBack na VoiceOver humruhusu mtumiaji kukibandika jina mwenyewe, ingawa itambidi kwanza amwombe mwenye macho amwambie ni kipi. Programu ya benki anayoitegemea mtu ndiyo ya kujaribiwa mwanzo, sembuse michezo.

Kuhusu kamera, haifai kupuuzwa kabisa. Be My Eyes, iliyoanzishwa mwaka wa 2015 na raia wa Denmark mwenye uoni hafifu, Hans Jørgen Wiberg, humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemwangalizia kitu kupitia video, na tangu 2023 hueleza picha kwa akili bandia. Seeing AI ya Microsoft, iliyotoka mwaka wa 2017 kwa iPhone, ilifika kwenye Android mwishoni mwa 2023. Husoma barua na maandishi ya pakiti. Kamera ya wastani yenye kulenga vyema yatosha kwa kazi hizo. Kinachoumiza zaidi ni bando la intaneti, kwa kuwa video hula data.

Simu ikishanunuliwa, mwenyewe apige *#06#. Nambari ya utambulisho ya simu, IMEI, hujitokeza na kusomwa. Aiandike kwa breli na kuiweka nyumbani pamoja na risiti, maana polisi wataiuliza siku simu ikinyakuliwa.